Maswali ya Wasomaji: Tarehe 29 Mei katika Historia na Angani

Katika ukurasa wa kalenda wa toleo lililopita tulichapa mistari mitatu tu mbele ya tarehe 29 Mei: kuanguka kwa Konstantinopoli (Istanbul ya leo) mwaka 1453, kupatwa kwa jua mwaka 1919, na kufikiwa kwa kilele cha Everest mwaka 1953. Mistari hiyo imetuletea barua nyingi kuliko tulivyotarajia, baadhi zikiuliza, nyingine zikibisha, na chache zikiomba tukiri kwamba siku hiyo ina siri. Siri hatujaiona. Hata hivyo, mojawapo ya matukio hayo matatu lilihitaji kutokea katika tarehe hiyo hasa, ilhali mengine mawili yangeweza kutokea siku yoyote, na tofauti hiyo ndiyo iliyotufanya tuitenge safu nzima ya mwezi huu kwa ajili ya siku moja.

Ndugu Mhariri, mmeandika kwamba kupatwa kwa jua kwa tarehe 29 Mei 1919 kulithibitisha nadharia ya Einstein. Jua hupatwa karibu kila mwaka mahali fulani duniani. Kwa nini siku hiyo moja ndiyo ikapewa sifa? Tena nimesikia wazee wakisema kwamba giza lile lilifika hadi huku kwetu kusini. Ni kweli? — Msomaji, Mbeya

Ni kweli kwamba kivuli cha mwezi kilipita kusini mwa nchi yetu, nasi tutafika huko baada ya kulijibu swali la kwanza, ambalo ndilo gumu zaidi.

Mwaka 1915 Albert Einstein alikamilisha nadharia yake ya uhusianifu wa jumla, isemayo kwamba kitu chenye uzito mkubwa hupinda anga na wakati vilivyokizunguka, na kwamba hata nuru ikipita karibu na kitu hicho hulazimika kuufuata mpindo huo. Kwa hesabu yake, nuru ya nyota inayopita kwenye ukingo wa jua ingepaswa kupinda kwa sekunde za pembe 1.75, sekunde moja ya pembe ikiwa ni sehemu moja kati ya 3,600 za digrii moja. Fizikia ya Newton nayo, endapo mtu ataichukulia nuru kuwa chembe zinazovutwa na jua, hutoa nusu ya kiasi hicho, yaani 0.87. Kwa hiyo yalikuwepo majibu matatu yaliyoshindana: nuru haipindi kabisa, inapinda nusu, au inapinda kamili. Ili kuamua, ilibidi nyota zilizo karibu na jua zipigwe picha, kisha nafasi zao zilinganishwe na picha za nyota hizohizo zilizopigwa usiku wakati jua likiwa mbali nazo. Nyota za jirani na jua hazionekani mchana ila pale tu mwezi unapolifunika jua lote.

Hapo ndipo tarehe inapoingia. Tukilitazama kutoka duniani, jua hupita mbele ya nyota zilezile kila mwaka, na kila tarehe ina nyota zake za nyuma. Katika sehemu kubwa ya mwaka nyota hizo ni hafifu na zimetawanyika, kiasi kwamba hata jua likipatwa, mpiga picha atapata nyota moja au mbili zisizotosha kupimia chochote. Mwishoni mwa Mei jua huwa katika kundinyota la Ng'ombe, ambalo wanafalaki wa mwambao huliita buruji ya Thauri, na tarehe 29 husimama jirani kabisa na fungunyota la Hyades, lenye nyota nyingi angavu zilizosongamana. Frank Dyson, Mwanaastronomia wa Kifalme wa Uingereza, ndiye aliyeonyesha mwaka 1917, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto, kwamba kupatwa kwa Mei 1919 kungekuwa nafasi isiyo na mfano. Zaidi ya wingi wa nyota, giza lenyewe lingekuwa refu: mahali ambapo lingedumu zaidi lingefikia dakika 6 na sekunde 51, wakati kupatwa kwingi hakufikishi hata dakika nne. Majaribio ya awali yalikuwa yamekwama. Mjerumani Erwin Freundlich alikwenda Crimea kulipiga picha jua lililopatwa Agosti 1914, vita vikamkuta huko, akazuiliwa na Warusi pamoja na vyombo vyake.

Waingereza walipeleka vikundi viwili, vilivyoondoka pamoja Liverpool kwa meli Machi 1919. Andrew Crommelin na Charles Davidson walikwenda Sobral, kaskazini mwa Brazili. Arthur Eddington na fundi wa saa Edwin Cottingham walikwenda kisiwa cha Príncipe katika Ghuba ya Guinea, wakati huo kikiwa koloni la Ureno, wakasimika darubini yao kwenye shamba kubwa la kakao liitwalo Sundy. Eddington alikuwa Mkweka, muumini wa madhehebu ya Kikristo yanayopinga vita, aliyekataa kwenda vitani kwa sababu ya imani yake, na Dyson ndiye aliyemwombea serikalini asilazimishwe kwenda jeshini, kwa hoja kwamba anahitajika kwa safari hii.

Asubuhi ya siku yenyewe Príncipe ilinyeshewa na mvua kubwa ya radi. Mvua ilikatika, lakini mawingu yaliganda, na jua halikuanza kuchungulia ila kama saa saba na nusu mchana, likiwa tayari limemegwa. Giza kamili lilipoingia baada ya saa nane, Eddington alikuwa akibadilisha sahani za kioo za kupigia picha moja baada ya nyingine, bila kujua kama zinanasa nyota au wingu, na kwa maelezo yake mwenyewe hakupata nafasi ya kulitazama jua lililopatwa isipokuwa kwa kutupa jicho mara mbili. Alipiga picha 16 kwa muda wa dakika tano hivi. Zilizomfaa kwa vipimo zilikuwa mbili, kila moja ikiwa na nyota tano. Mtu huyu alikuwa amesafiri kwa majuma kadhaa, na mavuno yake yalikuwa vioo viwili.

Sobral mbingu ilifunguka, lakini tatizo lilikuwa jingine. Darubini kubwa ilipokea picha kutoka kwenye kioo kilichoelekezwa juani, na joto la jua likakivuruga kioo hicho hata nyota zikatoka zimefifia kingo. Bahati nzuri walikuwa wamechukua pia darubini ndogo ya kuazima, yenye lenzi ya inchi nne, iliyotoa picha saba safi zenye nyota saba kila moja. Walibaki huko hadi Julai ili wazipige tena nyota hizohizo alfajiri, jua likiwa limezipa kisogo.

Upimaji ulichukua miezi kadhaa, nao ulikuwa wa subira kwelikweli, kwa kuwa sekunde za pembe 1.75 kwenye sahani za ile darubini kubwa ni takriban sehemu tatu za mia za milimita moja. Tarehe 6 Novemba 1919 Dyson alisimama jijini London mbele ya kikao cha pamoja cha wanasayansi na wanaastronomia akatoa matokeo: darubini ndogo ya Sobral ilipata 1.98, Príncipe 1.61. Ile darubini kubwa iliyoharibiwa na joto ilielekea kwenye thamani ya Newton, nayo ikawekwa kando. Uamuzi huo umelaumiwa na baadhi ya waandishi wa baadaye, wakidai kwamba Eddington alitaka Einstein ashinde. Sisi tunaona kwamba lawama hiyo imetiwa chumvi. Sahani zenyewe hazikutupwa, na mwaka 1979 zilipopimwa upya Uingereza kwa mashine za kisasa, zile zilizokuwa zimekataliwa zilitoa 1.55, karibu zaidi na Einstein kuliko na Newton. Hata kabla ya hapo, wanaastronomia wa Marekani waliolipiga picha jua lililopatwa nchini Australia Septemba 1922 walikuwa wamepata 1.72.

Sasa tuje kwetu. Kivuli cha siku ile kilianzia Amerika ya Kusini asubuhi, kikavuka Atlantiki, kikaingia Afrika na kupita Gaboni na Kongo hadi Ziwa Tanganyika, kisha kaskazini-mashariki mwa Zambia ya leo na kusini mwa nchi ambayo mwaka uliofuata ingepewa jina la Tanganyika, kikaishia kaskazini mwa Msumbiji jua likikaribia kutua. Wazee wako walisema kweli. Jambo lisilosimuliwa sana ni kwamba kamati ya Waingereza iliyopanga safari hizo, ilipokutana Novemba 1917, ilijadili pia kuweka kituo karibu na Ziwa Tanganyika. Huko jua lingekuwa limeinama kuelekea magharibi, na nuru ya nyota ingelazimika kupenya hewa nene zaidi. Zaidi ya hayo, mwezi huohuo majeshi ya Paul von Lettow-Vorbeck yalikuwa yakivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji, maelfu ya wapagazi wakifa njiani, na vita vya Afrika Mashariki havikuisha hadi jenerali huyo alipoweka silaha chini Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, si mbali na ncha ya kusini ya ziwa hilohilo, tarehe 25 Novemba 1918. Kituo cha ziwani kiliachwa, na jina la Príncipe ndilo lililoingia vitabuni.

Marehemu babu yangu alikuwa mkulima na alikuwa akitazama Kilimia. Alisema mwezi wa Mei Kilimia "kimekwenda kulala". Je, hii inahusiana na hilo jua la tarehe 29? — Msomaji, Kilwa

Inahusiana moja kwa moja, na babu yako alikuwa akieleza jambo lilelile alilolieleza Dyson, ila kwa haja nyingine. Kilimia, lile fungunyota dogo lililosongamana, kimo katika kundinyota la Ng'ombe, hatua chache magharibi mwa Hyades. Jua hukipita Kilimia mnamo tarehe 21 Mei na kuikaribia Dabarani, ile nyota nyekundu angavu ya jicho la Ng'ombe, mwanzoni mwa Juni. Ina maana kwamba tarehe 29 Mei jua huwa kati ya Kilimia na Dabarani, na nyota zote hizo huchomoza na kutua pamoja nalo, hivyo haziwezi kuonekana usiku wowote.

Anayetazama magharibi baada ya jua kutua mwezi wa Aprili hukiona Kilimia kikiwa chini zaidi kila jioni, mpaka kufikia mwanzoni mwa Mei kinamezwa na wekundu wa machweo. Hakionekani tena hadi mwezi wa Juni, kinapojitokeza upande wa mashariki kabla ya alfajiri. Methali yetu inasema: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Kwa mwambao wetu, ambako kuzama kwake huangukia katikati ya masika na kuzuka kwake hukuta kusi imekwisha shika na mvua zimepungua, sehemu ya pili ya methali hiyo ndiyo inayotukia mara nyingi. Mkulima aliyejua majira haya hakuhitaji almanaka ya kuchapwa. Tarehe 29 Mei 1919 Kilimia kilikuwa mafichoni kama kila mwaka, na kwa dakika chache za giza mahali kivuli kilipopita, anga ya nyota zile ilifunguliwa mchana.

Tumesikia msikitini kwamba mwishoni mwa Mei kuna siku ya kuhakikisha kibla kwa jua. Wengine wanasema ni tarehe 27, wengine 28, wengine 29. Ipi ni sahihi, na inafanywaje? — Msomaji, Tanga

Siku sahihi ni tarehe 27 au 28 Mei, kutegemea mwaka, na saa ni saa sita na dakika 18 mchana kwa saa za Makka, ambazo ndizo saa zetu za Afrika Mashariki. Wakati huo jua husimama wima juu ya Al-Kaaba, kwa kuwa Makka iko kwenye latitudo ya digrii 21.4 kaskazini, na jua likiwa safarini kuelekea kaskazini hufikia latitudo hiyo siku hizo. Hurudia tena likiwa safarini kurudi kusini, tarehe 15 au 16 Julai, saa sita na dakika 27. Popote ulipo, ikiwa jua unaliona kwa wakati huo, basi kulielekea jua ni kuielekea Makka.

Tarehe 29 Mei jua huwa limekwisha kuipita Makka, lakini kwa kiasi kisichofika hata nusu ya digrii, kosa ambalo hakuna fundi wa msikiti atakayeweza kuliona kwa kijiti. Kwa hiyo wasemao tarehe 29 hawapotoshi, ilimradi saa iwe ileile.

Ufanyaji wake ni huu. Chagua uwanja ulio tambarare, usimike fimbo iliyonyooka yenye urefu wa mita moja, na uhakikishe imesimama wima kwa kuning'iniza uzi wenye jiwe kando yake. Sahihisha saa yako kwa redio au simu. Inapotimia saa sita na dakika 18, weka alama kwenye ncha ya kivuli, kisha chora mstari kutoka kwenye alama hiyo hadi kwenye shina la fimbo na uuendeleze mbele. Mstari huo, ukitoka kwenye ncha ya kivuli kwenda kwenye fimbo, ndiyo kibla. Kivuli cha fimbo hiyo kitakuwa na urefu wa sentimita 54 hivi Dar es Salaam, na 48 hivi Mombasa. Tanga iko katikati. Ukipata kivuli kirefu zaidi ya hapo kwa kiasi kikubwa, ama saa yako ina kasoro au fimbo imeinama.

Wakazi wa mwambao wataona kwamba mstari wao unakwenda karibu kaskazini kamili, kwani Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam ziko karibu kabisa na mstari mmoja wa longitudo na Makka. Ndiyo maana mihrabu za misikiti ya kale ya mwambao zimeelekezwa kaskazini. Hali si hiyo kwa msomaji wetu wa Bujumbura au Lubumbashi, ambako kibla kinaelekea kaskazini-mashariki, naye atahitaji kukumbuka kwamba saa ya kwake itakuwa saa tano na dakika 18 asubuhi. Aliye Maskati atatazama saa saba na dakika 18 mchana, na aliye London saa nne na dakika 18 asubuhi, kama mawingu ya huko yatamruhusu.

Sultani Muhammad al-Fatih aliingia Konstantinopoli tarehe 29 Mei 1453. Je, jua lilikuwa mahali palepale lilipokuwa mwaka 1919? Na ni kweli kwamba mwezi ulipatwa kabla ya mji kuanguka? — Msomaji, Maskati

Mwezi ulipatwa kweli, lakini jua halikuwa mahali palepale, kwa sababu 29 Mei ya mwaka 1453 si 29 Mei yetu. Wazungu wakati ule walitumia kalenda ya Julius Kaisari, iliyohesabu mwaka kuwa na siku 365 na robo kamili. Mwaka wa kweli ni pungufu ya hapo kwa kama dakika 11, na dakika hizo zilikuwa zimejilimbikiza hata zikawa siku nzima. Kufikia mwaka 1453 kalenda ilikuwa imechelewa kwa siku tisa ikilinganishwa na hii tunayoitumia leo, iliyoanzishwa na Papa Gregori wa 13 mwaka 1582, pale Oktoba 4 ilipofuatwa na Oktoba 15. Siku ya kuanguka kwa mji, ambayo ilikuwa Jumanne, ingeitwa 7 Juni kwa hesabu yetu, na jua lilikuwa limekwisha kuipita Dabarani kwa zaidi ya digrii kumi. Kalenda ya Hijria haina utata huo: ilikuwa tarehe 20 Jumada al-Ula mwaka 857.

Tarehe hiyo ya Hijria ndiyo inayotusaidia kuuelewa mwezi. Mwezi hauwezi kupatwa ila ukiwa mpevu, na usiku wa tarehe 22 Mei kwa kalenda ya zamani, juma moja kabla, yaani tarehe 13 ya mwezi huo wa Hijria, mwezi mpevu ulipanda juu ya mji ukiwa umemegwa na kivuli cha dunia. Watu waliokuwa ndani ya kuta, wakiwa wamezingirwa tangu tarehe 6 Aprili na kuta zao zikibomolewa na mizinga mikubwa ya fundi Orban, waliichukulia kuwa ishara mbaya. Mfalme Konstantino wa 11 aliuawa katika mapigano ya siku ya mwisho. Sultani alikuwa kijana wa miaka 21. Sisi tunadhani kwamba kilichouangusha mji ni mizinga, idadi ndogo ya walinzi, na zile merikebu zilizoburutwa juu ya nchi kavu hadi ndani ya Pembe ya Dhahabu, ghuba ya bandari ya mji, mwezi wa Aprili. Mwezi uliopatwa uliwavunja moyo watu ambao tayari walikuwa na kila sababu ya kuvunjika moyo.

Kuhusu Everest: walifika saa ngapi, na anga ilikuwaje? — Msomaji, Moshi

Edmund Hillary wa New Zealand na Tenzing Norgay, mtu wa jamii ya Washerpa wa milima ya Himalaya, walifika kileleni saa tano na nusu asubuhi ya Ijumaa tarehe 29 Mei 1953, hali ya hewa ikiwa nzuri, wakakaa kama robo saa. Msafara uliongozwa na John Hunt. Jua lilikuwa karibu utosini mwao, kwani mlima ule uko kwenye latitudo ya digrii 28 kaskazini. Picha maarufu ya kileleni ni ya Tenzing. Hillary ndiye aliyeshika kamera. Habari ziliwafikia wakazi wa London tarehe 2 Juni, asubuhi ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Majira yalikuwa ya kuchaguliwa, kwa kuwa mwishoni mwa Mei pepo kali za juu hutulia kidogo kabla ya mvua za monsuni, ila siku yenyewe ilitokana na hewa ya asubuhi ile na nguvu za watu wawili. Kikundi cha kwanza, Tom Bourdillon na Charles Evans, kilirudi tarehe 26 kikiwa kimebakiza takriban mita mia moja tu.

Je, jua litapatwa tena tarehe 29 Mei? Na lile giza la mwaka 1919 litarudi kwetu lini? — Msomaji, Nairobi

Maswali yako mawili yana majibu mawili tofauti, kwa kuwa kuna mizunguko miwili. Wa kwanza ni wa miaka 19, ambao baada yake mwandamo wa mwezi hurudi karibu kwenye tarehe ileile ya kalenda ya jua. Kwa mzunguko huo, jua lilipatwa tena kikamilifu tarehe 29 Mei 1938, ila kivuli kilipita kusini mwa Atlantiki, ambako watazamaji walikuwa wachache mno. Mzunguko huu haudumu. Baada ya marudio machache huteleza na kukatika.

Wa pili huitwa sarosi, nao ni wa miaka 18, siku 11 na saa nane hivi. Kupatwa kunakofuatana kwa sarosi hufanana kama ndugu wa tumbo moja: urefu wa giza, umbali wa mwezi, hata umbo la njia ya kivuli. Tarehe husogea mbele kwa siku zile 11, na zile saa nane za ziada huifanya dunia izunguke theluthi moja zaidi, hivyo kila ndugu huangukia upande mwingine wa dunia. Baada ya sarosi tatu, yaani miaka 54 na zaidi kidogo ya mwezi mmoja, theluthi tatu hutimia na kivuli hurejea kwenye bara lilelile, safari hii kikiwa kimesogea kaskazini.

Hesabu hiyo inaligusa bara letu kwa namna ya kupendeza. Kutoka 29 Mei 1919 unafika 30 Juni 1973, siku ambayo kivuli kilivuka Sahara na kuingia kaskazini mwa Kenya, kwenye ziwa lililoitwa Rudolf wakati huo na ambalo sasa ni Turkana. Wanasayansi wengi walipiga kambi huko, na ndege ya majaribio ya Concorde, iliyokuwa na kasi kuliko sauti, ikikimbizana na kivuli juu ya Sahara, ilikaa gizani kwa dakika 74. Kutoka hapo unafika 2 Agosti 2027. Kivuli kitapita kusini mwa Hispania, Moroko, Aljeria, Tunisia, Libya na Misri, ambako karibu na Luxor giza litadumu zaidi ya dakika sita, kisha kitavuka Bahari ya Shamu hadi Saudia, Yemeni na ncha ya Somalia.

Kwa waliouliza pia kuhusu mwandamo: jua haliwezi kupatwa ila mwezi ukiwa kati yake na dunia, kwa hiyo jioni ya siku hiyo hakuna mwezi wa kuandama kwa macho yetu. Kupatwa kwa mwaka 1919 kulitangulia Ramadhani ya mwaka 1337, ambayo kwa hesabu ya kalenda ilianza tarehe 31 Mei, siku mbili baadaye.

Wasomaji wetu walio Jidda na Makka watalipata giza kamili la mwaka 2027 bila kutoka majumbani mwao, Makka likidumu kama dakika tano. Walio Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam wataliona jua likimegwa upande tu, na jua lililomegwa huunguza jicho sawasawa na jua zima. Miwani maalumu yenye alama ya ISO 12312-2 ndiyo inayofaa, nayo ivaliwe muda wote wa kutazama. Vioo vilivyopakwa masizi, filamu za eksirei na miwani ya kawaida ya jua havikingi macho, hata kama vinaonekana vyeusi vya kutosha.